Mama, unavuja wakati gani?

Haya ni maneno kuhusu kuvuja mkojo niliyowaambia akina mama wafanyabiashara wa Busia, upande wa Uganda, tulipokutana Jumamosi. Wengine mlikuwa njiani na mizigo, wengine mvua iliwazuia, na mmeniomba niyaandike yote. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Bi mwenyekiti, mweka hazina wetu, mama zangu, dada zangu, na ninyi mabinti mliojibanza kule karibu na mlango, hamjambo? Asanteni kwa kufunga meza zenu mapema siku ya soko. Najua saa moja ya kukaa hapa ni pesa inayopita barabarani. Na ninyi kaka zetu mliotuletea viti, msitoke. Mwanaume aliyepasuliwa tezi dume naye huweza kuvuja akikohoa. Kaeni, yanawahusu.

Bi mwenyekiti aliponiita alinong'ona kwenye simu. Alisema, "Njoo utuambie kuhusu ile dawa." Nikamuuliza ipi? Akasema, "Ile ya wanaovuja." Mama zangu, mwenyekiti wenu huyu anapiga kelele na maofisa wa forodha mpaka ng'ambo ya Kenya wanamsikia. Siku hiyo alinong'ona. Kwa nini jambo hili linatunyang'anya sauti?

Nimekaa nyuma ya dirisha la duka la dawa miaka kumi na tisa. Ninawajua wanaokuja kwa jambo hili kabla hawajafungua mdomo. Wanasubiri wateja wote waondoke, wanajifanya wanasoma bei za sabuni. Miaka minne iliyopita mama mmoja anayeuza mukene, wale dagaa wetu, kutoka Majanji alisubiri hivyo mpaka jioni. Alipobaki peke yake akafungua fundo la leso, akatoa vibahasha vitatu vilivyokunjwakunjwa. Cha kwanza kilikuwa na sipro, dawa ya vijidudu. Cha pili, flagyl, nyingine ya vijidudu. Cha tatu, sipro tena, ya duka jingine. Akaniambia, "Dada, hizi zote zimeshindwa. Nipe ile ya kufunga mkojo."

Maduka mawili, vibahasha vitatu, na hakuna aliyemuuliza swali moja tu: Mama, unavuja wakati gani?

Nilimuuliza. Akajibu bila kufikiri, maana alikuwa amelijua jibu kwa miaka sita: "Nikiinua gunia. Nikikohoa. Nikicheka kwa nguvu. Usiku silowi. Nikikaa silowi. Haunichomi, wala sina homa."

Mama yule hakuwa na maambukizi yoyote. Sipro inaua vijidudu, na kwake hakukuwa na kijidudu cha kuua. Alikuwa na kile ambacho madaktari wanakiita kuvuja kwa msukumo. Chukua jerikeni iliyojaa maji, uifunge kwa kifuniko ambacho meno yake yamelika. Ukiiacha imesimama, haimwagi. Ukiibana ubavuni, maji yanachuruzika. Kibofu ndicho jerikeni. Mkono unaobana ni kikohozi, chafya, kicheko, gunia la mukene. Na kifuniko ni misuli iliyotandazwa chini ya nyonga, pamoja na ule msuli mdogo wa duara unaokaba mrija wa mkojo.

Meno ya kifuniko yanalika kwa nini? Kwa kuzaa, hasa uchungu mrefu na mtoto mkubwa. Kwa umri, na kukoma hedhi. Kwa uzito wa mwili. Kwa kikohozi kisichoisha, cha moshi wa kuni au cha sigara. Na kwa kuinua vizito kila siku. Jerikeni ya lita 20 ni kilo 20, na wengi wetu tulianza kuibeba kabla hatujavunja ungo. Hakuna laana hapo, na hakuna uchafu. Msichana aliyeambiwa na wifi yake kwamba anavuja kwa sababu ya "wanaume wengi" alidanganywa. Nataka alisikie hilo leo, maana yumo humu ndani.

Sasa, kuna kuvuja kwa namna nyingine, na dawa ya huku si dawa ya kule. Mwingine hakohoi wala hainui kitu. Amekaa zake, ghafla mkojo unambana kama umemfukuza, anakimbia, na kabla hajafika mlango wa choo umemtoka. Hiyo ni haraka ya kibofu. Kibofu chenyewe kinajikaza bila ruhusa. Hiyo ina vidonge vyake, kama oksibutinini na tolterodini, na kwa wengi vinasaidia. Lakini mama, vidonge vile vinalegeza kibofu. Havikazi kifuniko. Ukimpa mama wa mukene oksibutinini, mdomo utamkauka kama wa mtu aliyefunga, choo kitakuwa kigumu, na huko kujikamua chooni kutazidi kuilegeza ile misuli. Mzee wa miaka sabini inaweza hata kumvuruga akili.

Na wa tatu, huyu naomba mnisikilize. Kama binti amepata uchungu siku mbili, mtoto akafa au akaponea chupuchupu, na tangu hapo mkojo unatiririka usiku na mchana, amelala au amesimama, hiyo ni fistula. Ni tundu. Hakuna kidonge cha kuziba tundu. Anahitaji mpasuaji aliyefunzwa kazi hiyo. Kwa upande wetu wa mashariki, Soroti kuna hospitali ya wanawake ya Terrewode, iliyofunguliwa 2019 kwa ajili ya hao hao. Masaka kuna hospitali ya Kitovu. Msimwachie akajifungia kwenye kibanda cha nyuma ya nyumba akisubiri Mungu.

Kwa hiyo kabla ya dawa, swali. Mama, unavuja wakati gani?

Haya, tuje kwenye dawa. Najua ndiyo iliyowaleta, na sitaizunguka.

Dawa ya kumeza inayojulikana zaidi kwa kuvuja kwa msukumo inaitwa duloksetini. Ulaya waliipitisha mwaka 2004 kwa wanawake wanaovuja kwa kiwango cha kati na kikubwa, na huko iliuzwa kwa jina la Yentreve. Wengine mtashangaa mkisikia kwamba dawa hii hii hutibu huzuni kubwa na maumivu ya mishipa ya fahamu kwa wenye kisukari. Dawa ya huzuni inahusiana vipi na mkojo?

Inahusiana hivi. Chini kabisa ya uti wa mgongo, karibu na pale tunapojifungia leso, kuna kikundi kidogo cha seli kinachotuma amri kwa ule msuli wa duara. Daktari Onufrowicz alikieleza mwaka 1899, na mpaka leo kinabeba jina lake kwa ufupi, Onuf. Seli hizo zikipata kemikali mbili za mwili, serotonini na noradrenalini, zinatuma amri kwa nguvu zaidi: kaza! Duloksetini inazifanya kemikali hizo zikae pale muda mrefu zaidi. Kwa maneno mengine haigusi kifuniko chenyewe. Inamsukuma mlinzi wa kifuniko asisinzie.

Inafanya kazi? Nitawaambia ukweli wote, wa kufurahisha na wa kuchukiza.

Mama mmoja wa upande wa Tororo ana binti anayetunza wazee Uingereza. Binti alimpenda mama yake, akasikia anavuja, akamtumia vidonge hivyo kwa mgeni aliyekuwa anarudi nyumbani. Mama akaanza siku hiyo hiyo, miligramu 40 asubuhi, miligramu 40 jioni, kama kiboksi kilivyosema. Siku ya kumi alipiga chafya katikati ya ibada, akajigusa kwa siri, akakuta yu mkavu. Aliniambia karibu apige vigelegele. Basi dawa inafanya kazi, ndiyo. Watafiti waliyajumlisha majaribio mwaka 2005, yenye watu karibu 3,900, wakaona mara za kuvuja kwa wiki zinapungua kwa karibu nusu.

Nusu, mama zangu. Aliyekuwa akivuja mara kumi na nne anavuja saba. Kuna wa kushukuru kwa hilo, nami simcheki. Lakini waliokauka kabisa walikuwa wangapi? Katika kila wanawake 100 waliomeza dawa, karibu 11. Na katika kila 100 waliomeza kidonge kisicho na dawa ndani, karibu 8. Angalieni pengo hilo. Watatu katika mia.

Mama wa Tororo hakujua hayo. Alichojua ni kichefuchefu. Kilimkaa tangu asubuhi, chai ikamshinda, harufu ya samaki ikamfukuza sokoni. Usingizi ukamtoka. Katika yale majaribio, wapo wengi walioiacha dawa kwa sababu ya madhara ya namna hiyo. Naye akaiacha, ghafla, siku moja. Ndipo yakaja mengine: kizunguzungu, ndoto za kutisha, na kitu alichokieleza kama umeme unaopita kichwani kila akigeuza shingo. Alinipigia simu usiku akidhani anakufa. Dawa hii haiachwi kama mtu anavyoacha kuweka sukari. Inapunguzwa hatua kwa hatua, na daktari akiangalia. Na inaweza kuanzwa kidogo pia, miligramu 20 mara mbili kwa siku kwa wiki mbili za mwanzo, tumbo lizoee. Nani angemwambia hayo? Kiboksi kilifika bila mtu wa kukieleza.

Kuna waliokatazwa kabisa. Mwenye ini bovu. Na hapa ninawataja wanaokunywa waragi kila jioni, kwa upendo. Mwenye presha isiyodhibitiwa. Mwenye figo zilizochoka sana. Mjamzito na anayenyonyesha, wasiiguse bila daktari. Anayemeza tramadoli kwa mgongo, aseme. Na sikilizeni hili lililonishtua mimi mwenyewe siku nilipolisoma: haiendi pamoja na sipro. Sipro inazuia ini kuivunja duloksetini, nayo inajazana mwilini kupita kiasi. Mnamkumbuka mama wa mukene na vibahasha vyake? Angekutana na mgeni yule wa kutoka Uingereza, je?

Jingine ni la kusema polepole. Watengenezaji waliomba kibali hicho hicho Marekani, kisha Januari 2005 wakaliondoa ombi lao. Huko haijawahi kuidhinishwa kwa mkojo. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilieleza kwamba kati ya wanawake waliotumia dawa hii katika utafiti wa kuvuja, visa vya kujaribu kujiua vilionekana vingi kuliko ilivyotazamiwa. Wanawake hao walikuja kwa ajili ya mkojo, hawakuja kwa ajili ya huzuni. Mwaka 2016 watafiti wa Denmark walizisoma upya ripoti kamili za majaribio manne, wakahitimisha kwamba madhara yanaishinda faida. Na Waingereza, ambao dawa wanayo, mwongozo wao wa 2019 unasema isiwe tiba ya kwanza, wala isipewe kila mtu kwa mazoea. Apewe yule ambaye mazoezi hayajamtosha na hataki kupasuliwa, akishaelezwa madhara yote.

Je, nasema ni sumu? Hapana. Nasema ni dawa ya daktari, ya mtu aliyechaguliwa, aliyepimwa presha na kuulizwa kama moyo wake una huzuni. Si dawa ya kununua kwa kunong'ona dirishani. Hata dirishani kwangu.

Nyingine nazipitia haraka. Homoni ya estrojeni: ukiimeza baada ya kukoma hedhi, kuvuja kunaweza kuanza au kuzidi, uchunguzi mkubwa wa Marekani uliotolewa 2005, wa wanawake zaidi ya 27,000, ulionyesha hivyo, kinyume na walivyokuwa wakiamini madaktari wengi. Lakini krimu yake ya kupaka ukeni, kwa mama ambaye amekauka na anahisi kuwashwa, inaweza kumsaidia. Kumeza ni jambo moja, kupaka ni jingine. Halafu kulikuwa na fenilpropanolamini, ya zamani, iliyokaza mrija. Ilikuwa pia ndani ya dawa za mafua. Mwaka 2000 Marekani waliomba iondolewe madukani baada ya kuonekana inaleta kiharusi cha kuvuja damu kichwani. Na zile sindano na unga wa mizizi unaouzwa kwa spika juu ya gari pale stendi, "hufunga mkojo siku tatu"? Mama, mwulize muuzaji unafunga mkojo gani.

Nimesema juu ya dawa zinazotibu. Sasa nataka kusema juu ya dawa zinazovujisha, na hapa ndipo moyo wangu unapouma.

Mama yangu mzazi ana presha. Ameniruhusu niseme haya mbele yenu. Kila mwezi nilikuwa nikimpelekea dawa zake kijijini, enalaprili, nikizihesabu kwa mkono wangu, nikimwandikia kwenye bahasha: moja asubuhi. Presha ikashuka vizuri. Baada ya miezi kadhaa akaanza kukohoa. Kikohozi kikavu, cha kuwasha koo, hasa usiku. Tukasema vumbi. Tukasema moshi. Nikampa dawa ya kikohozi, tena na tena. Kisha nikaona ameacha kwenda kanisani. Ukimtembelea, anakaa pale pale kwenye kigoda kile kile, juu ya leso iliyokunjwa mara nne. Nilipotaka kuifua ile leso aliishika kwa mikono miwili. Akakataa kuniachia.

Mwaka mzima, mama zangu. Mimi ninayeuza dawa, mwaka mzima sikuunganisha. Enalaprili na ndugu zake, kaptoprili na lisinoprili, huleta kikohozi kikavu kwa baadhi ya watu. Limo kwenye vitabu vyangu, nililifanyia mtihani. Na mama aliyezaa mara nane, kila akikohoa ile jerikeni inabanwa. Nilikuwa nikimletea mkojo ule kwenye bahasha, kila mwezi, na kumwandikia moja asubuhi.

Daktari alimbadilishia, akampa losatani. Kikohozi kilikwisha kabla mwezi haujaisha. Bado anavuja tone moja moja akiinama shambani, lakini kanisani amerudi, na ile leso anajifunga.

Kwa hiyo ninawaomba, ninawasihi: angalieni mnachomeza. Kama ulianza dawa ya presha na kikohozi kikaanza, mwambie daktari. Prazosini na doksazosini, nazo za presha, zinalegeza ule mrija. Wanawake kadhaa wamevuja kwa sababu yake na wakapona kwa kubadilishiwa tu. Lasix inajaza kibofu haraka. Kuimeza unapopanda gari la kwenda Mbale ni kujitesa, uliza kama unaweza kubadilisha saa. Lakini asitokee hapa mtu wa kwenda nyumbani kutupa dawa za presha! Usiache. Badilishiwa. Kiharusi hakitakungoja ukauke kwanza.

Bi mwenyekiti ananionyesha saa. Nipe dakika chache, hili la mwisho ndilo kubwa kuliko yote, na halina bei.

Kuna daktari wa Marekani aliyeitwa Arnold Kegel. Mwaka 1948 aliandika kwamba misuli ile ya chini inaweza kufanyishwa kazi ikarudi na nguvu, kama mkono wa mpiga mtumbwi. Yamepita miaka mingi, na mpaka leo hakuna kidonge kilichoyashinda mazoezi hayo. Majaribio yaliyojumlishwa mwaka 2018 yanasema hivi: wanawake wanaovuja kwa msukumo waliofanya mazoezi, 56 katika 100 walisema wamepona. Wasiofanya, 6 katika 100. Mnakumbuka pengo la duloksetini lilikuwa ngapi? Semeni kwa sauti. Watatu!

Basi fanyeni nami, hapo hapo mlipokaa. Hakuna atakayeona. Jifanye uko ndani ya taksi imejaa, na tumbo limejaa upepo, na mkwe wako amekaa kando yako. Kaza usimwaibishe. Huo! Huo ndio msuli wenyewe. Sasa uvute juu, kwa ndani, mbele na nyuma. Msikaze matako, ninawaona mnapanda kwenye viti. Msibane pumzi. Mama wa pale mbele, pumua. Shikilia. Moja, mbili, tatu, nne. Achia polepole. Pumzika kadiri ulivyoshikilia. Mara nane hivyo, mara tatu kwa siku, kwa miezi mitatu isiyopungua. Ukianza na sekunde tatu si vibaya, utafika kumi. Usiwe na mazoea ya kufanyia chooni kwa kukatiza mkojo, maana kibofu kinajifunza tabia mbaya.

Kisha kuna ujanja mmoja: kaza kabla. Chafya inakuja, kaza kwanza, halafu piga chafya. Kabla gunia halijapanda kichwani, kaza. Ni sekunde moja tu.

Mama wa mukene hakutaka kusikia. Alikuja kwa kidonge, mimi ninamwambia kaza na achia. Alinitazama kama nimemwibia. Nikamwomba afanye kila anapopima kikombe cha mukene: anapojaza anakaza, anapomimina kwenye karatasi ya mteja anaachia. Mwezi wa kwanza alirudi kuniambia hakuna kitu, ninampotezea muda. Mwezi wa pili hakuja. Mwezi wa nne alikuja mchana, dukani kumejaa watu, akasimama mbele akasema, "Dada, jana nimecheka." Wateja hawakuelewa. Mimi nilielewa. Gunia zima bado linamtoa matone, na sasa analigawa mara mbili. Kitambaa alikuwa anabadilisha mara nne kwa siku; siku hizi anakaa nacho kimoja, na siku nyingine hakihitaji.

Mwenye uzito mkubwa, kupungua kidogo tu kunasaidia. Utafiti mmoja wa Marekani uliotolewa 2009 ulionyesha waliopungua kwa asilimia 8 ya uzito wao walipunguza kuvuja kwa karibu nusu. Mwenye kilo 90, hizo ni kama kilo 7. Na tafadhali, msiache kunywa maji. Najua choo cha soko ni cha kulipia na foleni ni ndefu, ndiyo maana wengi mnashinda kutwa kwenye jua na soda moja. Mkojo ukiwa mkali kibofu kinawashwa, na hapo unaongeza ugonjwa wa pili.

Mazoezi yakishindwa, upasuaji upo: kuna wa kuinua mrija kwa nyuzi, na wa kuutegemeza kwa utepe. Utepe wa plastiki uliumiza baadhi ya wanawake, mpaka Uingereza ukasimamishwa Julai 2018. Kwa hiyo daktari akikutajia utepe, uliza ni wa nini: wa plastiki, au wa kutoka mwilini mwako mwenyewe. Una haki ya kuuliza.

Dada zangu Waislamu, mmoja wenu aliniuliza kuhusu udhu kabla hatujaanza. Swali hilo shehe wako analo jibu lake, na ni jepesi kuliko unavyoogopa. Mwulize. Usiiache swala kwa sababu ya tone.

Alhamisi ijayo nitakuwa hapa tena, kuanzia saa nne asubuhi, nyuma ya pazia hili, na mkunga mmoja ambaye amekubali kuja nami. Njooni mmoja mmoja. Kila mmoja abebe dawa zote anazomeza, zote, ziwe za presha, za mgongo, za mafua, na zile za mizizi, kwenye mfuko mmoja. Tutazimimina mezani tuziangalie pamoja. Na kabla sijagusa hata bahasha moja, mnajua nitakachowauliza.